Kisasi katika Nyumba za Wakubwa: Utengano Isomwapo Usambara

Katika nchi za Waswahili iko Malindi zaidi ya moja. Iko Malindi ya pwani ya Kenya, ambayo Wareno waliifikia mwaka 1498. Uko mtaa wa Malindi katika mji wa Unguja, karibu na bandari. Na iko Malindi ya tatu, isiyotajwa sana vitabuni, nayo ni ya milimani Usambara, katika wilaya ya Lushoto, kwenye njia ipitayo Magamba kuelekea Lukozi na Mtae. Malindi hii haina mashua wala minazi. Ina ukungu, ina mashamba ya kabichi na viazi, na ina baridi imfanyayo mgeni wa pwani kutafuta jiko mchana. Hapo ndipo nilipoirudia, katika siku za likizo, riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapwa na Longman mjini Nairobi mwaka 1980. Nayaandika maelezo haya kwa sababu moja: katika usomaji ule niligundua kwamba kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu jambo lisilo sawa juu ya kitabu hiki na juu ya vitabu vya namna yake, na mwalimu akosaye mbele ya watu hana budi kujisahihisha mbele ya watu.

Jambo lenyewe ni hili. Nilikuwa nikisema kwamba riwaya zetu zagawanyika mafungu mawili: ziko zile zisemazo habari za nchi, yaani utawala, ukoloni, mapinduzi na kazi, na ziko zile zisemazo habari za nyumba, yaani ndoa, wivu, urithi, siri na kisasi. Fungu la kwanza nililiita zito, na la pili jepesi. Mgawanyo huu sikuutunga mwenyewe. Niliupokea ng'ambo, nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari, kwa mwalimu aliyeamini kwamba hadithi ya siri na kisasi katika nyumba za matajiri ni bidhaa ya Ulaya iliyoletwa kwetu pamoja na magazeti na sinema, na kwamba Mswahili aiandikapo huwa anaiga tu. Nilikubali kwa kuwa nilikuwa kijana na yeye alikuwa mwalimu. Hata hivi karibuni, katika kikao kimoja cha walimu, iliposhauriwa vitabu vya mambo ya nyumbani vipunguzwe katika masomo ili vipate nafasi vile vya mambo ya nchi, mkono wangu uliinuka pamoja na mikono ya wenzangu. Leo naona kwamba mkono ule uliinuka upesi mno.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajakisoma kitabu, nitaeleza kwa ufupi. Bwana Maksuudi ni tajiri na mtu wa cheo. Mbele ya watu ni mheshimiwa. Ndani ya nyumba yake ni mlinzi wa gereza. Mkewe, Bi Tamima, na binti yake, Maimuna, wanaishi nyuma ya milango iliyofungwa, wala hawaujui ulimwengu ila kwa kusikia. Mwanawe wa kiume, Mussa, anao uhuru ambao dada yake hana. Utajiri wa nyumba hii una asili chafu: Maksuudi alipata kuwa na mke mwingine, Mwanasururu, akamdhulumu mali yake na kumwacha katika hali ya kuhuzunisha. Dhuluma hiyo haikusahauliwa. Bi Farashuu, mkunga, yu upande wa Mwanasururu. Na Kazija, mwanamke ajuaye nguvu ya uzuri wake, anawavuta baba na mwana, Maksuudi na Mussa, katika mtego mmoja. Siku ya uchungu wa Tamima, mwenye nyumba akiwa hayupo, mtumishi Biti Kocho anamwita mkunga aliyekatazwa kukanyaga kizingiti kile. Kuanzia hapo ukuta unabomoka. Tamima anaachwa, Maimuna anatoka nje pasipo kujua nje ni nini, akaangukia katika nyumba za ulevi na za wanaume, na Maksuudi mwenyewe, hatua kwa hatua, anapoteza kila kilichomfanya aitwe Bwana.

Msomaji aliyezoea hadithi za upelelezi atauliza: siri iko wapi hapa? Swali ni la haki. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, mswada ulioshinda katika mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 na kuchapwa mwaka 1960, alitufundisha aina moja ya kungoja: mtu ameuawa, hatujui ni nani aliyemwua, na twamngoja Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, atuambie. Faraji Katalambulla aliifuata njia hiyo kwa namna yake katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965. Katika Utengano mambo ni kinyume. Jina la mkosaji halifichwi. Tunamjua tangu mwanzo. Tunachongoja si kujua nani, bali kujua lini, na kwa mkono wa nani, na nani mwingine ataumia. Kungoja huku ni kuzito kuliko kule kwa kwanza, maana katika hadithi ya upelelezi msomaji husaidiwa na mtu mwenye akili kuliko yeye, ambapo hapa msomaji yu peke yake: anaona moshi unatoka darini, na walio sebuleni wanaendelea kunywa kahawa.

Mimi ni mtu wa sarufi, na wasomaji watanisamehe nikiingia kwa mlango niujuao. Kiswahili kina namna tatu za kusema mahali, nazo hazilingani. Tukisema nyumbani mwake, twaona ndani, palipozungukwa na kuta. Tukisema nyumbani pake, twaona mahali hasa, pamoja na mlango na kibaraza. Tukisema nyumbani kwake, twaona upande, mwelekeo, himaya ya mtu hata kama hatuoni kuta. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzikariri kwa ajili ya mtihani, kisha akazisahau. Lakini chukua herufi hizo tatu uitazame nyumba ya Maksuudi. Mle ndani wamo Tamima na Maimuna, wasio na njia ya kutoka. Pale mlangoni yupo Biti Kocho, aingiaye na kutoka kwa kuwa kazi yake yamlazimisha. Kule nje yuko Bwana mwenyewe, na Kazija, na heshima ya mji, na aibu ya mji. Hadithi nzima ni habari ya watu wa sehemu hizi tatu wanavyolazimishwa kuvuka mipaka: mkunga wa nje anaingia mle, binti wa ndani anatupwa kule, na baba na mwana wanakutana pale ambapo hakuna hata mmoja wao aliyepaswa kuwapo. Nyumba za Kiswahili zimejengwa hivyo, na lugha yetu inazitambua sehemu zake. Basi mtungaji hakuhitaji kwenda Ulaya kutafuta chombo cha kutia hofu; chombo alikikuta katika sarufi ya mama yake.

Kadhalika tuna neno dogo, kumbe. Sijapata kuona neno moja la Kizungu linalolitosheleza. Msemaji wa kumbe hakiri tu kwamba jambo limetokea. Anakiri kwamba jambo lilikuwapo muda wote na yeye hakulijua. Hilo ndilo neno la usaliti wenyewe. Adui akushambuliapo huna haja ya kusema kumbe. Wasema kumbe siku ujuapo kwamba aliyekula nawe sahani moja alikuwa akihesabu matonge yako. Taifa lenye neno kama hili limekuwa likisimuliana hadithi za hiana tangu zamani sana.

Na hapa ndipo milima ya Usambara inapokuja kutoa ushahidi. Kabla ya riwaya yo yote ya Kiswahili kuchapwa kulikuwa na kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kilichotungwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Sehemu zake zilianza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha kitabu kizima kilihaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa na East African Literature Bureau mwaka 1962. Mtungaji alikuwa mtu wa kalamu aliyepata kuwatumikia watawala wa Kikilindi, na katika zama za Wadachi akawa liwali wa Tanga. Kitabu chake kimesomwa sana na wanahistoria, na haki yao. Wamekichimba kama watu wachimbavyo mgodi, wakachukua majina ya wafalme na nyakati za vita. Lakini wachache wamekisoma kama nathari, yaani kama kazi ya mtu ajuaye kusimulia. Na msomaji akikisoma hivyo ataona kwamba ni kitabu cha nyumba: nyumba moja tajiri, yenye wake wengi, watoto wengi, na mji mmoja, Vugha, ambao kila mtoto anautaka.

Tazama mwanzo wake. Mbegha, baba wa ukoo, anakuja Usambara kwa sababu ya ugomvi wa urithi. Yeye ni kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Wazazi wake walimwacha aishi, lakini walipokufa jamaa zake wakamnyima sehemu yake na kumwona mkosi. Anahama, anapata rafiki, mtoto wa mkubwa wa Kilindi, rafiki anauawa na nguruwe katika mawindo, na Mbegha hana budi kukimbia tena kabla habari haijamfikia baba wa marehemu. Ufalme wa Usambara, basi, asili yake ni mirathi iliyodhulumiwa na habari mbaya iliyocheleweshwa. Tazama tena kifo chake. Wazee wanaificha maiti na wanaificha habari. Wajumbe wanakwenda Bumbuli kumchukua mwanawe, Bughe. Anaingizwa Vugha usiku, na watu wanaamka wakiwa na mfalme mpya kabla ya kuambiwa kwamba wa kale hayupo. Ni nani atakayesoma habari ile akasema kwamba kungojesha msomaji ni jambo tulilofundishwa na sinema?

Namna ya kusimulia yenyewe yastahili kuangaliwa. Abdallah bin Hemedi anatumia -ka- kama Waswahili wote wasimuliapo: tendo lafuata tendo, mtu akaenda, akasema, akarudi. Sasa, -ka- ina tabia moja ambayo wanasarufi hatujaisema ya kutosha: inafuatanisha mambo bila kusema yamefuatana kwa sababu gani. Mjumbe alikuja, na mfalme akanyamaza. Je, alinyamaza kwa hasira, au kwa hofu, au kwa kuwa amekwisha kata shauri? Sarufi haisemi. Msomaji anaachiwa pengo, na pengo hilo ndilo makao ya hofu. Said Ahmed Mohamed, aliyeandika nusu karne na zaidi baada yake, ana njia nyingine. Yeye huingia katika mioyo ya watu wake na kutuambia wanalowaza. Sisemi kwamba njia moja yaishinda nyingine. Nasema kwamba yule wa zamani aliweza kututisha kwa kunyamaza, na huyu wa sasa kwa kusema, na wote wawili wametumia Kiswahili kitupu.

Kisha yako makubwa yaliyofuata kifo cha Kimweri ye Nyumbai, mnamo mwaka 1862. Huyu ndiye mfalme ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na ambaye Burton na Speke walimwona mwaka 1857, akiwa mzee sana. Mwanawe aliyetazamiwa kurithi alikuwa amekufa mbele yake, na Vugha ikamwendea mjukuu, Shekulwavu. Lakini huko Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara, alikuwako Semboja, mwana wa Kimweri, mwenye bunduki na mwenye marafiki katika biashara. Semboja alimtoa Shekulwavu katika Vugha, akamweka humo mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu. Angalia jamaa hawa ni nani kwa nani: Semboja kwa Shekulwavu ni baba mdogo, na Shekulwavu kwa Semboja ni mwana. Nyumba moja, baba na mwana, na mji mmoja wanaougombea kama mwanamke. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini, nikamkumbuka Maksuudi na Mussa wakionana katika nyumba ya Kazija.

Nisieleweke kwamba nadai mtungaji wa Utengano aliiga Habari za Wakilindi. La hasha. Wala sisemi kwamba habari ya kweli na hadithi ya kubuni ni kitu kimoja. Abdallah bin Hemedi alieleza mambo ya watu waliokuwako, na mengine aliyashuhudia. Said Ahmed Mohamed alibuni watu ili aseme kweli nyingine. Ninachosema ni kwamba vitabu hivi viwili, kimoja cha milimani na kimoja cha kisiwani, vinasimama juu ya ujuzi mmoja, nao ni huu: katika nyumba kubwa, mtumishi ndiye aijuaye nyumba. Biti Kocho anajua mambo ambayo Bwana Maksuudi anadhani hayajui mtu. Na katika Habari za Wakilindi, mtumishi aijuaye nyumba ni mtungaji mwenyewe, aliyekuwa mwandishi wa wakubwa. Mtu asomaye barua za watu wawili wanaochukiana hawezi kutoka mikono mitupu. Twapaswa, kwa hiyo, kumsoma kwa shukrani na kwa tahadhari, kama jirani amsikilizavyo mjakazi aliyefukuzwa: anajua mengi, na ana lake.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kisasi. Asili yake ni Kiarabu, qisasi, ambalo katika sheria ni malipo ya sawa kwa sawa, yenye kipimo na mpaka: jicho kwa jicho, wala si macho mawili. Waswahili walipolipokea walilivika mavazi ya ngeli ya ki-, kama walivyofanya kwa kitabu, wakasema kisasi na visasi. Kisha wakaliunganisha na kitenzi cha biashara: twalipa deni, twalipiza kisasi. Katika fikira ya lugha yetu, basi, mwenye kisasi ni mdai, na aliyedhulumu ni mdaiwa. Hii ni picha ya haki, wala si ya hasira tu. Lakini picha hii ina hatari ndani yake. Deni la fedha laweza kulipwa na mtu mwingine. Mdaiwa akikosekana, mdai hushika ng'ombe wa ndugu yake, au humshika mwanawe rehani. Yaani neno hilohilo lililobeba kipimo cha haki limefungua mlango wa kumtoza asiyedaiwa.

Hili sikulisoma katika kamusi, nililisikia. Nyumba niliyokaa Malindi ilikuwa na bibi mmoja, mkongwe, ambaye macho yake hayasomi tena. Jioni, baada ya kula, tulikaa jikoni kwa ajili ya baridi, na mjukuu wake alipotaka kujua ninasoma nini nilianza kuwasomea kwa sauti. Siku nne nilisoma. Bibi hakusema neno, nami nilidhani amelala. Siku ya nne, Tamima alipokwisha kufukuzwa, aliuliza, "Mwanangu, huyo mke alikosa nini?" Nikamwambia, "Hakukosa kitu, bibi. Ni kisasi cha mambo ya mumewe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hao nao ni kama yeye," akaomba kuni iongezwe.

Nimefundisha kitabu hiki mara nyingi, na wanafunzi wameandika juu yake insha nyingi, ambazo nimezipa alama. Sikumbuki hata moja iliyolisema neno lile la bibi kwa unyofu ule. Sisi hutoa hesabu ya dhuluma za Maksuudi, tukafurahi aangukapo, tukafunga kitabu. Lakini hesabu ya kweli ni hii: deni lilikuwa la Maksuudi, na waliotangulia kulilipa ni Tamima na Maimuna. Mwanasururu alidhulumiwa na mume. Kwa ajili yake nyumba ya mwanamke mwingine ikavunjwa, na msichana asiyejua bei ya nyanya akatupwa sokoni. Kazija na Bi Farashuu wana haki ya kudai. Mtungaji hatuachi tuwe na shaka juu ya hilo. Lakini mkono wa mdai, ulipokosa kumfikia mdaiwa kwa upesi, ulishika kilicho karibu. Hili ndilo jambo zito la kitabu, na ndilo linalokifanya kiwe zaidi ya masimulizi ya tajiri mbaya apatwaye na mabaya.

Wasambaa wana maneno yao juu ya jambo hili, nayo yameandikwa na wanahistoria, hasa Steven Feierman katika kitabu chake cha mwaka 1974 na kingine cha mwaka 1990. Husema nguvu kwa nguvu, wakiwa na maana ya wakubwa washindanao wasishindane hata mmoja akawa juu. Na matokeo yake huitwa kubana shi, yaani kuiharibu nchi: mvua hukosekana, njaa huingia. Kinyume chake ni kuzifya shi, kuiponya nchi. Kwa fikira hii ugomvi wa nyumba ya mfalme si siri ya mfalme. Ugomvi wa Semboja na Shekulwavu ulifika kwa mkulima asiyepata kuona Vugha, kwa sababu wakubwa wenye kuhitaji bunduki walihitaji kitu cha kununulia bunduki, na kitu hicho mara nyingi kilikuwa watu. Wabondei walichoka, wakawafukuza Wakilindi katika maasi yaitwayo Kiva. Haya yote yalianza ndani ya jamaa moja, juu ya nani akae wapi.

Basi narudi kwenye mgawanyo wangu wa zamani, mambo ya nchi huku na mambo ya nyumba kule. Mgawanyo huu Msambaa wa kale asingeuelewa, na naamini mtungaji wa Utengano hauamini. Hakumfanya Maksuudi kuwa mtu wa cheo bure. Mtu afungiaye mkewe na binti yake nyuma ya mlango, kisha akatoka kwenda kusimama mbele ya watu na kuahidi kuwatumikia, ni mtu yule yule mmoja. Alichojifunza ndani ndicho atakachokitenda nje. Mohamed Suleiman Mohamed alikwisha kutuonyesha, katika Kiu ya mwaka 1972, namna mapenzi na mali vinavyoweza kusalitiana chini ya dari moja. Na Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, aliyachukua maisha ya jumba la mwinyi na mjakazi wake akayapeleka mpaka kwenye mapinduzi. Wote hawa wanatoka visiwani, na wote wamepita mlango wa nyumba ili kuifikia nchi. Wakosoaji tuliobaki mlangoni ni sisi.

Sifa bila lawama si uhakiki, na kitabu hiki kina upungufu wake. La kwanza, nusu yake ya mwanzo ina nguvu kuliko ya pili. Maadam watu wamo ndani ya nyumba, kila mlango ufunguliwapo msomaji hushika pumzi. Maimuna akishatoka na kuingia katika maisha ya ulevi, kamba ya kisasi inalegea, na hadithi inakuwa safari ya mtu mmoja kutoka shimo moja hadi jingine. Naelewa mtungaji alitaka tuone matunda ya kufungiwa. Lakini kuona si sawa na kungoja, na kitabu kilichoanza kwa kutungojesha hakikupaswa kutusahaulisha tulichokuwa tukikingoja. La pili, hukumu ya Maksuudi inakamilika mno. Anapoteza mengi, kwa njia nyingi, hata msomaji huanza kuuona mkono wa mtungaji ukisukuma. Katika Habari za Wakilindi hakuna hukumu iliyo nadhifu hivyo. Semboja alizeeka na nguvu zake mpaka Wadachi walipomkuta. Yamkini mwanahistoria hana uhuru wa kumwadhibu mtu wake; lakini mtungaji mwenye uhuru huo afaa autumie kwa mkono mwepesi.

La tatu ni zito zaidi, nalo ni juu ya Kazija. Kitabu kinampa akili, uzuri na sababu ya haki, lakini silaha aliyopewa ni mwili wake tu. Msomaji aweza kujibu kwamba katika mji ule mwanamke maskini hakuwa na silaha nyingine, na jibu hilo lina kweli. Hata hivyo ningependa tungekaa naye zaidi baada ya mtego kufyatuka. Alipomwona Mussa, kijana ambaye hakumdhulumu mtu, akipigwa na aibu mbele ya baba yake, je, moyoni alihesabu deni kuwa limelipwa, au aliona kwamba yeye mwenyewe sasa anadaiwa? Swali la bibi wa Malindi lingempasa Kazija aliulize kwanza.

Habari za Wakilindi nacho kina kasoro zake: majina ni mengi hata msomaji hupotea, wanawake wengi wanapita kama vivuli, na mtungaji hutuonyesha vita vya wakubwa kwa uangavu kuliko njaa ya wadogo. Lakini hayo hayatoshi kukiacha kibaki kwa wanahistoria peke yao.

Kwa hiyo nashauri, na ushauri wenyewe ni mdogo. Vitabu hivi viwili visomwe pamoja, katika darasa moja, muhula mmoja. Wanafunzi wasiulizwe kipi ni cha nchi na kipi ni cha nyumba. Waulizwe katika kila kitabu ni nani aliyedhulumu, ni nani aliyelipa, na ni nani aliyejua akanyamaza. Nami katika kikao kijacho cha walimu nitaomba shauri lile la kupunguza vitabu vya mambo ya nyumbani lirudiwe, na safari hii nitaeleza kwa nini ninapingana na nafsi yangu. Wenzangu wakiniuliza ni hoja gani mpya niliyoipata, na katika maktaba gani, nitawaambia kwamba niliipata jikoni, Malindi, kwa mtu asiyesoma.